Frida Amemkasirikia Mungu

Ijumaa, 1 Novemba 2024

Giza la mwezi, dagaa wamejaa hapa ziwani Katonga. Nilianika chanja nzima asubuhi. Mchana Frida akawamwagia maji ya kuoshea vyombo. Ndoo nzima! Dagaa walioanza kukauka!

Kosa lenyewe? Jirani yangu Mwamini alisema tu kwamba marehemu Diana alijua kuanika kuliko sisi sote. Basi. Mtoto kusikia jina la mama yake, ndoo ikaruka. Tangu tumzike mwanangu Diana mwezi wa tano, huyu binti yake wa miaka tisa hajalia. Anavunja tu.

Nikanyanyua mkono. Mkono wangu mzito, wanangu wote wanaujua. Frida hakukimbia. Alikaza mabega akanisubiri. Nikamwona — huyu anataka apigwe! Anataka ajue kwamba hapendwi, yaishe. Mkono ukashuka wenyewe, ukatua kichwani pake. Mimi sikuushusha. Nikamwambia, kama hujamaliza, ndoo nyingine ile pale.

Akaichukua akamwaga na hiyo! Mshenzi mdogo! Nikacheka mpaka kanga ikafunguka. Mwamini anasema kesho nitauza dagaa walioogeshwa kama maharusi.

Tumewaosha, tumewaanika upya. Yeye upande wake, mimi wangu.

Bado najiuliza ni nani aliyeushika mkono wangu.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Makaburini Frida alikataa kuingia. Akasimama nje, amewapa mgongo watu na misalaba yote. Nikasimama naye.

Diana mwanangu, mshumaa wako leo amewasha mwingine. Mimi nilikuwa na mtoto wako.

Jumanne, 5 Novemba

Erasto ameshuka kutoka Kalinzi, milimani. Mwanangu wa mwisho, mdogo wake Diana. Hata shikamoo ilimtoka kwa haraka. Anasema, mama, unamdekeza, atakushinda. Jumapili anakuja kumchukua akakae kwake juu, akapalilie kahawa, hasira zimtoke kwa jembe.

Nikamwuliza, na zako zimetoka?

Akawasha pikipiki, uji ameuacha mezani. Huyu naye!

Lakini ndiye mjomba. Nikikataa, ukoo utasema bibi kizee amemng'ang'ania mtoto amharibu. Na huko juu najua atachapwa. Akichapwa, mlango atakaoufunga mtoto huyu hataufungua tena.

Frida alisikia yote. Amekwaruza ukuta wangu kwa msumari, kuanzia mlangoni hadi dirishani.

Alhamisi, 7 Novemba

Imana yanje! Mungu wangu! Shule sikuiona, herufi nimefundishwa kanisani uzeeni, na leo herufi hazitoshi.

Jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Mzee Gervasi, mwenyekiti wetu, akaongoza. Tukafika kwenye maombi, kila mtu na lake. Huyu anaombea mvua. Huyu mguu wa mume wake. Sisi tunaitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie.

Mara sauti kutoka mlangoni. Frida.

"Mungu, nilikuomba mama apone. Kila siku nilikuomba. Hukusikia. Sikutaki!"

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, akanong'ona kwamba huyo ni shetani. Wote wakanitazama mimi. Wanasubiri fimbo. Frida naye anaisubiri, mabega juu.

Nilifungua mdomo nimkemee. Kilichotoka sicho. Kilichotoka ni, Ee Bwana, twakuomba utusikie.

Peke yangu. Sauti kama ya kuku aliyekabwa.

Frida akapiga mguu chini. "Msiitikie! Nimemtukana!"

Mzee Gervasi akavua kofia yake. Akasema taratibu, endelea, mjukuu wangu, kama lipo jingine lilete.

Likawepo. Kwa nini walimfukia mama kwa udongo uliolowa mvua. Tukaitikia, sasa na Gervasi. Kwa nini Mungu amewaachia wengine mama zao. Tukaitikia wote, hata yule mama aliyemtaja shetani, analia. Akasema mpaka sauti ikamkauka. Mbingu haikupasuka. Hakuna aliyepigwa. Chumba kilikuwa kizito, kizuri, kama kanisa kabla watu hawajaingia. Miaka yote nimesali na sijawahi kuogopa hivi. Kuogopa kwa furaha! Mungu alikuwa amekaa mkekani mwangu anatukanwa, na hakuinuka kuondoka.

Baadaye Frida akapiga teke kiti cha Gervasi. Hasira haijaisha. Sijasema imeisha.

Ijumaa, 8 Novemba

Tunachambua dagaa. Akauliza bila kunitazama, bibi, Mungu amekasirika?

Nikamwambia, hata Yesu msalabani alipiga kelele akamwuliza Baba yake mbona umeniacha. Hakuchapwa.

"Alijibiwa?"

Siku ya tatu, mwana wanje.

"Mama ana siku nyingi."

Nikasema, najua. Akasogea. Goti lake likagusa goti langu, akaliacha hapo.

Jumapili, 10 Novemba

Erasto amekuja. Nimemwambia toka jikoni, haendi. Akasema si juu yako peke yako, mama. Akatupa begi la mtoto nje, akamshika mkono amtoe. Frida akamwuma. Akamwuma kweli, damu!

Erasto akanyanyua kiganja. Mkono wangu ule ule, lakini kwake! Nilikuwa mbali, jikoni, nisingeuwahi. Nikaita jina lake tu, kama nilivyokuwa namwita akiwa mdogo.

Kiganja kimebaki juu. Kisha akakaa kwenye ngazi, mwanaume mzima, akaanza kulia. Kwenye maziko ya dada yake hakulia. Kumbe nilikuwa na watoto wawili wenye hasira, nikamwona mmoja tu!

Miguu inataka kwenda kwake. Nimeshika kalamu nisiingilie. Mlango uko wazi, nawaona. Begi bado liko barabarani. Frida amesimama nyuma yake, anamtazama mabega yanavyotikisika. Hajawahi kuona mwingine akimlilia mama yake hivi.

Ameshuka ngazi moja. Amenyoosha mkono. Sijui anataka kumpiga au —