Kila Asubuhi Namtumia Maua

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiomba msaada, na tafadhali usinicheke. Mimi ni fundi wa lifti, umri wangu miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na tisa nimepanda na kushuka kwenye majengo ya watu nikitengeneza mashine na kuwafundisha wapangaji kwamba ukikwama ndani usipige mlango mateke, bonyeza kengele, subiri, usiposikia mtu bonyeza tena, mpaka mwezi wa pili kampuni yetu ilipofungwa tukapewa mkono wa kwaheri. Nilianza kutafuta kazi kwa pupa, nikampigia msimamizi wa jengo moja, mama niliyefahamiana naye, mara sita kwa siku moja, mara ya saba simu yangu haikuingia tena, na mke wangu akaniambia, "Baba, unawakimbiza watu, subira huvuta heri," basi nikaamua kusubiri.

Kuna kijana niliyemfundisha kazi, tulimwita Bisibisi kwa sababu kila siku alikuwa ameipoteza yake, na leo yeye ndiye mkuu wa mafundi kwenye majengo manne ya ofisi, nasikia anatafuta watu, nami kwa kuogopa kumsumbua nimekuwa nikimtumia kila asubuhi picha ya maua yenye maneno "Uwe na siku njema", miezi mitatu sasa sijakosa hata siku moja, naye hujibu "Amina, mzee wangu", na wiki iliyopita akaniuliza, "Kazi zinaendaje, mzee?" nikamjibu, "Tunamshukuru Mungu, zinaenda," kwa sababu naona aibu, mimi ndiye niliyemwonyesha waya wa kwanza, nitaanzaje kumwambia sina kazi? Jirani yangu anataka kununua sanduku langu la vifaa, atakuja Jumamosi, na nikiliuza najua sitarudi tena kwenye ufundi. Niendelee kuvumilia, au ndio nimekwisha?

Fundi wa Lifti

Fundi,

Sikucheka. Nilitaka, nikajizuia. Pole sana, kuagwa baada ya miaka ishirini na tisa kunauma, na aibu unayoisikia naielewa.

Sasa nikugombeze kidogo. Maua tisini! Bisibisi anajua vizuri kwamba unamtakia siku njema. Asichojua ni kwamba huna kazi, maana hujamwambia. Kakuuliza kazi zinaendaje, ukamjibu zinaenda. Zinaenda wapi, mzee wangu? Huenda anawasimulia wenzake kwamba mwalimu wake yuko vizuri, kazi zimemjaa. Yule mama ulimpigia kelele za simu, huyu umemnyamazia, na kote huko kilichokutuma ni woga. Mkeo kasema kweli kuhusu subira, lakini subira huanza baada ya mtu kusema shida yake. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kesho maua yapumzike. Mpigie simu saa nne, akiwa ameshawagawia mafundi wake kazi. Msalimie, halafu kabla salamu hazijakunogea sema: "Mwanangu, kampuni yetu ilifungwa mwezi wa pili. Natafuta kazi, nasikia unahitaji mafundi. Naomba nije tuonane." Usimkumbushe nani alimfundisha, anakumbuka. Mwambie tu kwamba zile mashine kuukuu ambazo vijana wake wakizifungua wanabaki kuzitazama, wewe unazijua. Akisema subiri, muulize mpaka lini, kisha umwache mpaka siku hiyo. Siku ikipita kimya, mpigie mara moja. Akisema hana nafasi, muulize nani mwingine ukamwone, umshukuru bila kununa. Yule mama mtumie ujumbe mmoja wa kuomba radhi, na humo ndani usimwombe kitu chochote.

Jumamosi jirani akija mkaribishe chai, mzungumze, aende zake mikono mitupu. Sanduku haliuzwi.

Miaka yote hiyo umewafundisha watu la kufanya wakikwama. Safari hii uliye ndani ni wewe, na aliye nje ni kijana uliyemfundisha mwenyewe kufungua mlango. Bonyeza kengele.