Pamba Ndani ya Chupa

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na wanao. Kichwa kimepoa? Kwenye simu ulisema ni uzi na sindano vinavyokuchosha macho. Tafadhali, barua hii isome ukiwa peke yako chumba cha kushonea, mlango umefungwa.

Mimi nimelazwa, lakini usianze kulia, maana nakujua. Kichwa kiliniuma wiki nzima, nikasingizia mwanga wa kuchomelea. Nikabadili miwani, nikatafuna dawa za maumivu kama karanga. Mafundi wenzangu wakanicheka kwamba cheche zimeingia ubongoni. Siku shingo ilipokakamaa nikatapika juu ya geti la mteja, walinibeba mzobemzobe hadi hospitali.

Daktari alitaka kunitoa maji ya uti wa mgongo. Nikakataa katakata. Si wewe uliyeniambia kuwa sindano ya mgongo hulemaza? Akanieleza kwa upole kwamba kinacholemaza ni ugonjwa ukicheleweshwa. Zamani, alisema, majibu yalikawia hadi mgonjwa anazikwa. Siku hizi wana mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea ndani ya maji hayo. Nikakubali. Waliyachukua asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana jibu lilikuwa tayari: kifua kikuu kimeingia kwenye utando wa ubongo. Nikaanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Leo nimetembea mwenyewe hadi chooni, miguu yote miwili.

Dada, kuna jambo sijawahi kukuambia. Ninaishi na virusi vya Ukimwi, ndiyo maana daktari hakutaka kungoja. Chupa yangu ya vidonge nimeijaza pamba ili isilie begini.

Nilipolala kwako mara ya mwisho, nilitafuta mkasi kwenye droo ya cherehani. Nikaona chupa kama yangu, nayo ina pamba. Nikafunga droo, sikukuuliza. Tumefichana, watoto wa tumbo moja!

Basi hicho kichwa huenda si uzi wala sindano. Nenda hospitali kesho asubuhi, umwambie daktari kila kitu, hata habari ya chupa. Wakitaka maji ya mgongo, wape. Naogopa sana kukupoteza.

Watoto wape salamu zangu, barua usiwape. Nikiruhusiwa nitakuja kwako, tumeze vidonge pamoja mezani, na hiyo pamba tuitupe.

Ni mimi mdogo wako,
Cheche