Usitume Tena Makopo ya Maziwa

Iyunga, Mbeya
Machi 1956

Kaka Makame,

Salaam aleikum. Mimi mzima, mgongo tu unauma kwa kazi ya barabara. Wewe hujambo? Duka linakwendaje? Nisalimie majirani wote wa huko Iringa.

Makopo nimeyapata. Asante, lakini usitume tena.

Kaka, Mwanakhamisi wangu alipofariki uzazini, mkeo alitaka kumnyonyesha mwanangu Bibie pamoja na Bushiri wako. Ukakataa mbele ya watu, maiti bado iko ndani. Ulisema wakinyonya ziwa moja watakuwa ndugu, hawataoana, na nyumba ya baba itakwenda kwa watu baki. Nilikutii. Wewe mkubwa.

Basi nikampa maziwa yako. Yale mazito ya sukari yakamharisha maji mpaka matako yakachubuka. Ukatuma ya unga, yakamfunga. Choo kama cha mbuzi, kina damu. Analia hata sauti haitoki. Jirani yangu Atuganile akaniuliza, "Baba Bibie, huyo unamlisha au unamjengea ukuta tumboni?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikambeba mpaka zahanati ya misheni. Sista alisoma makopo, akakasirika. Alisema haya ni ya chai, ya watu wazima. Kiwandani wanatoa mafuta, wanayachemsha, mengine wanayakausha, mengine wanayajaza sukari yasioze. Utumbo wa mtoto mchanga hauyawezi. Hata yale ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto, alisema, ni mazito tumboni kuliko ya mama. Akauliza, kwenu hakuna mwanamke anayenyonyesha? Niliona aibu kumjibu.

Sasa unauliza: mkeo alikuja kwenye arobaini ya marehemu, mbona harudi, na je, ni kweli barabara imekatika kama alivyokutumia salamu? Haijakatika. Mimi ndiye ninayeitengeneza. Mabasi yanapita.

Shemeji Mwantumu yuko hapa, analala kwa Atuganile. Siku aliyofika alimwona Bibie, hakuniuliza kitu. Alikaa chini, akampakata huku, Bushiri kule. Tangu hapo ananyonyesha wote wawili. Tumbo la Bibie limelainika, choo kizuri, analala. Nimemwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Amesema yamekwisha, hao ndugu, hakuna ndoa.

Mkeo alitaka nikufiche. Nimekataa. Ungekuja kuposa wakikua, tukafungisha ndoa ya haramu kwa mikono yetu.

Atarudi Bibie akishaanza uji. Hasira zako zilete kwangu, yeye usimguse. Na kama bado unaona nyumba ni kubwa kuliko mtoto, njoo uniambie usoni, nikiwa na sururu mkononi.

Sina zaidi. Mungu akupe afya. Bushiri ameota jino, hajambo. Dada yake anakusalimu.

Mdogo wako,
Yunusu