Namba Saba Asirudi

Nyumba za Walimu,
Kiplombe,
Eldoret.

11 Juni 2008

Mpendwa wifi yangu Nyakio,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, nikitumaini baridi ya Nyahururu haijakumaliza. U mzima? Kifua kimepoa? Na mama yako, shosho wa watoto, je, miguu inamruhusu kufika kanisani? Mimi sijambo, ila hili goti langu hunikumbusha kila nikipanda ngazi kwamba zamani nami nilikuwa mchezaji. Huku mvua ni nzuri, mahindi yamefika magotini, na mgeni akipita barabarani haraka anaweza kudhani hakuna lililotokea.

Barua hii nimempa Ibrahim wa lori, yule anayekuja huko kwenu kuchukua viazi. Nimemwambia aitie mkononi mwako wewe mwenyewe. Usidhani nimekosa salio. Simu yenu ni moja, anayeshinda nayo ni Cynthia, na haya ninayoandika sitaki Cynthia ayasome. Ukimaliza, itie motoni.

Wifi, nasikia binti yako amempigia babake simu akimwomba aje amchukue Jumamosi, arudi chuoni. Bethwel alikuja kunieleza akicheka hadi jino la mwisho likaonekana. Tangu ghasia za uchaguzi za mwezi wa kwanza sijamwona kakangu akicheka hivyo. Anasema masomo yameanza, barabara zimefunguliwa, wakubwa wameshikana mikono huko Nairobi, na mtoto ana jina la kwetu Wanandi, Cynthia Jebet, na kitambulisho kinasema kwao ni Ziwa, hapa hapa kwetu. Nani atamgusa? Aliyefukuzwa ni mama, anasema, si mtoto. Alilisema hilo mbele yangu bila kulisikia lilivyo. Nikammiminia chai, kwa kuwa ni ndugu yangu, na kwa kuwa bado analala peke yake katika nyumba mliyoijenga mkiwa wawili.

Mkuu wa chuo naye hanipi nafasi ya kupumua. Michezo ya vyuo ni mwezi ujao, na unajua chuo chetu ni kidogo kama nini. Hatuna bwalo la maana, hatuna basi, maktaba yetu ni chumba kilichokuwa cha kuku. Tunajulikana kwa kitu kimoja tu, mpira wa wavu wa wasichana, na wasichana hao hawana seta. Bila mtu wa kuwainulia wenzake mpira, hata wapigaji wawe na mikono ya chuma, watapiga nini? Kwa hiyo ananiuliza kila asubuhi kama namba saba, Cynthia wetu, amerudi. Na mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa wa kwanza kumtaka. Mwezi uliopita niliifua jezi yake, nikaipiga pasi, nikaiweka kabatini ikimsubiri.

Sasa hebu nikueleze mazoezi yalivyo siku hizi.

Unakumbuka zamani ulikuwa ukija Ijumaa kutazama, unakaa kando ya mstari na daftari zako za kusahihisha? Wasichana wakiita "Yangu! Yangu!", nawe mwalimu wa Kiswahili unawapigia kelele, "Mpira ni wangu, si yangu!" Wanacheka mpaka mpira unaanguka. Majirani walikuwa wakilalamika kwamba tunawaamshia watoto.

Siku hizi hakuna wa kulalamika. Wasichana waliorudi wanacheza kimya. Mpira unapanda, wawili wanaukimbilia, hakuna anayeita, na unaanguka katikati yao kama embe bovu. Wiki iliyopita Sarah, nahodha wetu, aligongana na mwenzake, mdomo ukapasuka. Ouma, yule mwalimu tunayefunza naye, alirusha filimbi chini. "Jameni, hii ni timu ama ni matanga?" akawauliza. 

Nikamchukua Sarah nikamwosha mdomo bombani, nikamuuliza kuna nini.

"Mwalimu, ukiita unajulikana," akaniambia. "Si unaona wale vile wamekaa? Hawaangaliangi mpira. Wanasikiliza."

Nyuma ya uwanja, pale ua ulipobomolewa mwezi wa kwanza, kuna vijana huja kukaa kila jioni. Si wanafunzi. Mimi nilidhani ni wale wale wasio na kazi, wanaotafuta wasichana wa kutazama. Tangu Sarah aniambie hivyo nimewaangalia vizuri. Hawapigi makofi, hawashangilii. Timu ikikosea hawacheki.

Huhitaji kuambiwa na mimi maana yake. Wewe ulipita vile vizuizi vya vijana barabarani. Kitambulisho walikuwa wakikitazama, ndiyo, lakini wengine waliazima vya majirani, kwa hiyo wakaanza kumwonyesha mtu sufuria au jembe na kumwambia akitaje kwa Kinandi. Wakasikiliza ulimi. Waliokuwa na majina mazuri na ulimi usiofaa hawakupita.

Basi mfikirie mwanao uwanjani. Ana sura yetu, ana miguu mirefu ya babake, na akitulia anaongea Kinandi kuliko hata mimi niliyekaa sana mjini. Lakini amelelewa jikoni kwako. Mpira ukiwa hewani mtu hana muda wa kuchagua lugha, anatoa ile iliyo karibu na moyo. Wenzake wakiita "Yangu!", yeye anaita "Wakwa!" kwa Kikuyu chako, kama anayegombania mwiko nawe. Miaka miwili nimemfunza hapa chuoni na sikuwahi kumrekebisha. Kwa nini nimrekebishe? Mpira alikuwa akiufikia.

Jumatatu, baada ya mazoezi, mmoja wa wale vijana alikuja mpaka niliposimama nikikunja wavu. Ana adabu, amevaa shati safi.

"Chamgei, mwalimu."

Nikaiitikia salamu yake.

"Namba saba yenu alienda wapi? Ule mrefu, wa kuitaga 'wakwa, wakwa'." Aliliiga neno hilo kwa sauti nyembamba, na wenzake kule uani wakacheka. Ndiyo mara ya kwanza kuwasikia wakicheka.

Nikamwambia huyo ni mtoto wa kakangu, msichana wa Ziwa.

"Tunajua," akasema. "Mamake si alienda Nyahururu? Mwambie arudi tu, mwalimu. Hakuna shida. Sisi tunamngoja."

Akaniaga kwa mikono miwili, kama mwanafunzi wangu.

Wifi, nimejaribu kumtetea kijana huyo kichwani mwangu. Huenda anapenda mpira. Huenda anampenda mtoto, maana ni mzuri, na vijana ni vijana. Lakini nani alimwambia Nyahururu? Mimi sijawahi kulitaja jina hilo hapa, hata kwa Ouma. Nilimuuliza Bethwel, akaapa hajamwambia mtu, kisha akaniita mwoga. Akasema vita vimekwisha na sisi wanawake ndio tunaovifuga kama kuku. Nikamwambia, Bethwel, kuku wakinyamaza wote kwa pamoja, mwenye boma hutoka nje kutazama. Akachukua kofia yake akaenda. Jumamosi atakuja huko, simwezi.

Na mwanao pia simwezi. Ukimfungia mlango atatokea dirishani, na sote tunajua hicho kichwa alikitoa wapi, usijifanye. Ukimwambia kuna hatari, atasema wenzake wamerudi, kwa nini yeye asirudi. Ukimweleza habari za huyo kijana, atakuja kumtafuta amuulize anataka nini. Cynthia haogopi kitu. Anaweza kustahimili njaa, na kile kibanda cha turubai pale uwanja wa maonyesho mlipokimbilia alikistahimili kuliko wewe na mimi. Kitu kimoja tu hastahimili, dharau.

Kwa hiyo sikiliza nitakachokuomba. Mwambie Cynthia kwamba Ibrahim ameleta maneno kutoka kwangu kwa mdomo. Mwambie nafasi ya seta nimempa mwingine. Sema shangazi amesema mikono yake imekuwa mizito, kwamba miezi yote hii bila mazoezi si mchezo, na timu imesonga mbele, haimhitaji. Sema hivyo hivyo, bila kulainisha. Akikasirika, mwache akasirike. Akisema hatakanyaga tena chuo cha shangazi Rael, umshukuru Mungu, halafu umtafutie chuo huko upande wenu kabla hasira haijapoa. Babake akifika, yeye mwenyewe ndiye atakayekataa kupanda gari.

Si kweli, wifi, ujue wewe. Nimejaribu karibu kila msichana pale mahali pake, na hakuna hata mmoja anayefaa. Mtoto huyu nilimwekea mpira mikononi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nililia nilipokuwa naitoa ile jezi kabatini na kumpa msichana mwingine, nakwambia wazi, nililia kama mtu aliyefiwa. Michezoni tutapigwa vibaya, mkuu wa chuo atanilaumu mimi, na nitakaa pale kwenye benchi nikishukuru.

Wewe usifikirie kurudi kwa sasa, hata ukiona wenzako wanapakizwa kwenye malori wakiambiwa nyumbani ni salama. Ng'ombe wako Ndasha amezaa, nimemwona kwa macho yangu. Nyumba inasimama.

Nisalimie shosho sana, umwambie sijaisahau ile mitura yake ya nyama ya kuchoma. Nisalimie Eliakim, kitinda mimba wetu, aache kunyonya kidole sasa ni mwanaume. Bethwel akifika mpikie chai nzito, ukae naye karibu. Ni mume wako bado, na atakuwa amesafiri kote huko kisha anarudi mikono mitupu. Msimgombeze. Mungu wa mababu zenu na wa mababu zetu, ambaye ni mmoja, awafunike mchana na usiku.

Cynthia usimpe salamu. Akikuuliza kama shangazi yake amemsalimia, mwambie hapana.

Ni mimi wifi yako, ninayewapenda wote wa nyumba hiyo,

Rael