Matanga Mbele ya Mlango Uliofungwa

Kaka Hamisi,

Tangu uondoke nimepangiwa kukunja mashuka na mama mmoja Mfilipino. Mchapakazi, sina neno naye. Lakini tukikutanisha pembe za shuka, mimi nasubiri. Nimezoea kwamba hapo utanipa sentensi moja, turudi nyuma, tukunje, kisha unipe nyingine. Kelele za mashine pale kiwanda cha dobi unazijua, mtu hasikiki mpaka umkaribie. Ndivyo nilivyoipata hadithi uliyokuwa ukiiandika, ya Agnesi, mfua nguo wa London wa miaka zaidi ya mia tatu iliyopita. Miaka minne, pembe kwa pembe.

Sijawahi kuona mtu kama wewe. Tulifua mashuka ya hospitali kutwa nzima, mgongo unawaka moto, mimi nikitoka nawaza kitanda tu. Wewe ulipanda basi kwenda maktaba ya mtaa wa Parkdale kutafuta Waingereza wa zamani walifulia nini. Kesho yake ukaja unacheka. "Jivu na mkojo, Petro. Na sisi tunalalamikia sabuni." Nikakuuliza kwa nini usiandike habari za nyumbani kwetu. Ukasema, "Wao waliandika ya kwetu bila hodi. Mimi ya kwao nimebisha hodi."

Sasa nina jambo la kukiri.

Unakumbuka siku ile mume wa Agnesi alipokufa kwa tauni? Mlango ukafungwa kwa nje, ukachorwa msalaba mwekundu, akawekwa mlinzi, na Agnesi yumo ndani. Ukaniambia, "Hakuna aliyekuja." Mimi nikaliachia shuka, likaanguka sakafuni, ikabidi lifuliwe upya. Nikasema haiwezekani, mtu kafiwa, nani anakaa naye matanga? Ukasema, "Hao ni Waingereza, Petro, na hiyo ni tauni." Nikasema ni watu. Siku tatu hukunisimulia kitu. Nilidhani umenuna. Siku ya nne, pembe zilipokutana, ukasema, "Haya. Majirani wamekuja."

Nikafurahi kama mjinga.

Binti yako Rehema ameamua kukichapa kitabu. Kiswahili anakisikia vizuri, ila mwandiko wako unamshinda. Kwa hiyo kila Jumamosi napanda mabasi mawili mpaka kwake Markham, nje ya jiji, nasoma kwa sauti, yeye anagonga kompyuta. Nasoma kwa elimu yangu ya darasa la saba, kidole chini ya mstari. Ananivumilia.

Jumamosi iliyopita tulifika kwenye matanga. Akaacha kugonga. Na yeye ameusoma mwaka ule wa tauni, ni mtoto wako. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hayo hayangewezekana, kwamba watu walizikimbia nyumba zile, na anayejua historia atamcheka baba yake. "Anko, hii tuikate."

Nikamwambia kosa si la baba yake, ni langu, mimi ndiye niliyemng'ang'aniza. Hakukasirika. Alinisogezea daftari lako na kalamu. "Basi kata wewe, Anko," akasema, bado kwa Kiingereza.

Nilishika kalamu, kaka. Kitabu ni chako, na mimi nimekitia doa. Niliweka ncha kwenye karatasi. Lakini sikuweza kufuta maneno yako bila kuyasoma yote. Pale kiwandani ulinipa sentensi chache tu, na baada ya hapo nilikuwa nimeridhika, sikuuliza.

Hukuandika nilivyotaka. Hawakuingia ndani wala hawakukaa mlangoni. Uliwaketisha ng'ambo ya barabara, kila mmoja kwenye kigoda chake, vitambaa vya siki puani, na uji wake mwenyewe. Mlinzi akawafokea. Wakarudi nyuma hatua kumi, wakaketi tena. Hakuna aliyeimba. Agnesi aliwatazama kutoka dirisha la juu, akawahesabu. Sita. Siku ya pili watano. Siku ya tatu walikuwa wanne, nao walikuwa wameacha nafasi za wawili ambao hawakuja.

Nilimsomea Rehema. Kwenye zile nafasi nikaanza mstari upya, kisha nikauanza tena.

Aliinamia meza. Halafu akasema kwa Kiswahili, na mimi hajawahi kunisemesha Kiswahili, "Baba alikuwa mbishi." Nikamwambia, "Sana." "Alijua haikutokea," akasema. Nikamwambia, "Alijua kila kitu, baba yako." Akavuta kompyuta. "Soma tena, polepole. Usiruke hata nukta."

Kwa hiyo imebaki. Nilikuomba kitu cha mtu asiyesoma, kaka, na hukunicheka. Ulikaa nacho siku tatu, ukakitafutia mahali ambapo hata tauni isingekitoa.

Yamebaki madaftari matatu, na la mwisho halina mwisho. Rehema ameniuliza kama najua ulitaka Agnesi aishie wapi. Nimemwambia sijui, na ni kweli. Nakuahidi nitayasoma yote kama yalivyo, hata pale nitakapoona umekosea, na hapo ulipoishia tutaishia. Sitakutilia neno mdomoni. Ulipokuwa hai uliweza kunibishia, sasa huwezi.

Pumzika, kaka yangu. Nashukuru kwa wale wanne.

Petro