Mtu Mwenye Uchovu Uliokithiri

Mtaa wa Santa Rita,
San Pedro de Macorís,
2 Oktoba 2014.

Mpendwa mwanangu Chebo,

Salamu zangu zikufikie popote ulipo, uwe umesimama au umejilaza. Natumaini u mzima, mkeo Kiara ni mzima, na mtoto anakula vizuri. Goti lako la kushoto je? Bado linauma ukilikunja asubuhi? Endelea kulichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, hata kama madaktari wa klabu yako wanacheka. Sisi huku tunaendelea hivyo hivyo. Babu yako Samuel macho yamezidi kufifia, ila masikio yapo na mdomo upo. Mimi presha yangu hufuata matokeo ya Mapanga, timu yetu ya besiboli, kwa hiyo tangu msimu uishe Januari haijashuka.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako haipokelewi. Barua hii anakuletea Bi Fela, yule jirani aliyekuwa akikutilia viraka kwenye suruali za mazoezi. Anakuja huko kwenu Tampa kumtazama bintiye aliyejifungua. Nimemwagiza akupe mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua, na wewe unamjua Bi Fela, ataketi hapo hata siku nzima.

Nianze na timu. Msimu uliopita tuliburuta mkia, hilo nadhani ulilisikia hata huko. Usilolisikia ni jinsi tulivyouburuta. Kwenye besi ya tatu, ile besi yako uliyokuwa ukiilinda, alisimama Pilo. Pilo ni mtu mwema, anasaidia kubeba viti kanisani, lakini mpira ukitambaa kuelekea kwake anainama polepole kama anayetafuta sindano, na akishainama mpira uko uwanja wa nyuma unapunga upepo. Watu walifika mahali wakawa wanampigia makofi akiudaka, na yeye akawa anainua kofia kushukuru. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu msimu uishe nimekuwa nikiipanga timu kichwani. Naipanga nikifua, nikipika, hata padre akihubiri, Mungu anisamehe. Nilitaka vitu vitatu tu. Mrushaji wa mkono wa kushoto, maana wapigaji wa timu ya mji mkuu wanawatafuna warushaji wetu wa kulia kama karanga. Mdakaji mwenye mkono wa nguvu, ili mkimbiaji wao akitaka kuchomoka atuibie besi ya pili angalau aogope kidogo. Na mtu wa besi ya tatu.

Mwaka jana tajiri wa timu alituletea mrushaji wa kushoto, kijana wa Kimarekani, mrefu, mpole. Alirusha vizuri jioni moja. Kesho yake akanunua yanikeke za yule mama wa getini, ile mikate ya unga iliyokaangwa kwa mafuta ya juzi, na hatukumwona tena ila mgongo wake akipanda ndege. Hiyo ndiyo nguvu mpya tuliyopata.

Kwa hiyo matumaini yangu yote yakawa kwako. Sikuyabuni. Ni wewe uliyenipigia siku ya Pasaka, nikiwa nakoroga maharage matamu, ukasema: "Shangazi, mwaka huu nakuja. Waambie waniwekee besi yangu." Nilikuuliza mara mbili. Ukacheka, ukasema, "Nakuja, shangazi, nimeshasema."

Nami nikawaambia. Nilikwenda dukani kwa Niningo, pale wanapochezea domino, nikatangaza mbele ya meza nzima. Niningo alinunua rangi siku hiyo hiyo, akamwita mchoraji, na ukuta wa duka ukawekwa picha yako na gongo la kupigia mpira begani. Pua hawakuipatia, lakini ni wewe. Chini yake wakaandika: Karibu nyumbani, Chebo. Wiki nzima nilikuwa nikipita hapo hata kama sina cha kununua.

Wiki mbili zilizopita Bwana Persio, meneja wa Mapanga, alikuja kwangu. Nilijua kuna jambo, kwa sababu alivua kofia mlangoni na akakataa kahawa. Mtu anayekataa kahawa yangu amebeba msiba.

"Bi Minga," akasema, "Chebo hayumo. Wamemweka kwenye orodha ya uchovu uliokithiri."

Maneno hayo nayajua, nani hapa asiyeyajua? Kila mwaka klabu za Marekani zinatukatalia watoto wetu kwa maneno hayo. Mtu amecheza kiangazi kizima huko, basi anaandikwa kuwa ana uchovu uliokithiri na ni marufuku aje kucheza msimu wetu wa baridi kwao alikozaliwa. Nikaanza kuilaani klabu yako. Nililaani mpaka mwenye klabu na mkewe. Bwana Persio aliniacha nimalize, kisha akasema polepole, akitazama chini.

"Klabu haikukataa, Bi Minga. Nilizungumza nao mwenyewe. Walikuwa tayari kumruhusu. Ni yeye ndiye aliyewaomba wamwandike."

Nikamwambia anasema uongo, nikamfungulia mlango atoke.

Jioni ile nikakupigia, akapokea Kiara. Nilimuuliza habari za mtoto, habari za mvua, kisha nikakuulizia wewe. Akasema, "Yupo kwenye gofu, shangazi, tangu asubuhi." Simlaumu, msichana hakujua anasema nini. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaketi kwenye ngazi ya nyuma. Chebo, mimi si mtu wa machozi, unajua. Siku ile nililia mpaka pua ikaziba.

Tangu hapo hata hiyo namba haipokelewi tena, kwa hiyo nadhani Kiara alikuambia nilivyokata simu.

Siri haikukaa. Bwana Persio hakusema, ila wachezaji wenzako wana midomo. Sasa mtaa mzima una uchovu uliokithiri. Nikimwita fundi wa bomba, ananijibu kwa simu, "Leo siwezi, Bi Minga, nimeandikwa kwenye orodha." Dereva wa bodaboda akiambiwa apandishe mlima wa kambi ya miwa, anashika kiuno: "Mama yangu, uchovu uliokithiri." Mwalimu Altemio analalamika kwamba darasa la tano lote limeugua ugonjwa huo siku ya mtihani wa hesabu. Na kule dukani, nikiingia tu, kuna mmoja hupunguza sauti ya redio na kuwawekea wenzake kidole mdomoni. "Shh. Mwanawe Bi Minga amelala."

Wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu nisipocheka watajua. Nikifika nyumbani nachukua panga naimalizia hasira kwenye nazi.

Picha yako bado ipo. Niningo hakuifuta, anasema rangi ni ghali. Ila kuna mtu ameyafuta yale maneno ya kukukaribisha, akakuchorea mto chini ya kichwa.

Nilimweleza babu yako. Niliogopa, maana yeye ndiye aliyekufundisha kudaka, kwa ile glovu aliyokushonea kwa turubai la gari la miwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mtu anaweza kuandikisha uchovu?" Nikamwambia ndiyo, naona siku hizi inawezekana. Akasema, "Mbona kule kwenye miwa hakuna aliyetuonyesha dirisha la kujiandikishia?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Halafu akaniomba nizime redio, na yeye redio huwa haizimi hata wakati wa kula.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Naona asiyecheza kwao hutunzwa zaidi.

Usinielewe vibaya. Kama mwili wako umechoka, ungesema. Ungenipigia ukasema, "Shangazi, goti limegoma." Ningekwenda mwenyewe kwa Niningo, ningesimama mbele ya meza ya domino na kuwaambia goti la mtoto wangu limegoma, na nani angefungua mdomo? Kinachonichoma ni kwamba ulichagua maneno yale. Maneno wanayotufungia nayo mlango kila mwaka, ukayaazima, ukatufungia nayo mwenyewe kwa ndani.

Sasa sikiliza sababu hasa ya barua hii.

Jumatatu Bwana Persio alirudi. Safari hii kahawa alikunywa. Unajua kwamba huku haki ya kukuchezesha ni ya Mapanga, popote ulipo. Timu ya mji mkuu wanaitaka haki hiyo. Wanaamini kwamba wakikuita wao, penye taa kubwa na kamera za televisheni, uchovu wako utapona. Na badala yako wanatoa wawili: mrushaji wa kushoto, kijana wa mji wa Baní, na mchezaji wa besi ya tatu, mfupi, ana mikono kama gundi. Nimewaona wote wawili mwaka jana wakitufunga.

Akanishika mkono, akasema, "Bi Minga, mimi bado namtaka Chebo. Mwandikie. Mwombe. Akikubali kabla ya Jumapili, nawafukuza hawa wa mji mkuu. Lakini nikimwachia bila baraka yako, mtaa huu utanichoma moto mimi na nyumba yangu."

Nikamwambia nitakuandikia.

Nilijaribu, mwanangu. Karatasi ya kwanza nilianza na "tafadhali". Nikaandika jinsi nilivyokulea mama yako alipofariki, jinsi nilivyouza mandazi nje ya uwanja wa Mapanga huku wewe umelala kwenye beseni chini ya meza. Nikaisoma kwa sauti. Nikasikia mwanamke anayeomba omba mlangoni kwa tajiri. Nikaichana.

Kisha nikaketi nikafikiri kama mtu wa Mapanga, si kama shangazi. Mrushaji wa kushoto na besi ya tatu, kwa mtu ambaye hayupo. Nimeomba hayo tangu Januari, nimewasha mishumaa kwa ajili hiyo. Ungekuwa wewe ni mtoto wa jirani, ningekwishapiga vigelegele mpaka paa litikisike. Niliigeuza huku na huku nione ubaya wake uko wapi, na kila mara ubaya ulikuwa mmoja tu, kwamba ni wewe.

Jana asubuhi nilikwenda ofisini kwa Bwana Persio, nikamwambia akuachie. Alinitazama sana. Akauliza, "Na barua?" Nikamwambia barua nitaandika, ila siyo ile aliyoniagiza. Watakaponiuliza mtaani nitasema ni mimi niliyekubali. Nitawaambia: mkinuna, ninunieni mimi.

Kwa hiyo usitafute tena visingizio, wala usimfundishe Kiara cha kusema. Hakuna anayekungoja. Pilo naye atapumzika, mkewe ameshakuja kunishukuru.

Babu yako anakusalimu. Amekataa kuniambia cha kuandika, akasema tu "msalimie". Niningo anakusalimu, anauliza kama utamlipia rangi, usimjibu. Mwalimu Altemio anakusalimu. Bwana Persio pia, kwa moyo safi kabisa, ni mtu muungwana. Nisalimie Kiara, mwambie sina kinyongo naye hata chembe, na mtoto umbusu kwenye utosi. Kwetu mtoto huomba baraka kabla hajaomba kitu kingine chochote, na wewe mara ya mwisho hukuomba. Mungu akubariki hata hivyo. Akulinde na ajali, akulinde na majeraha, akuweke mbali na watu wanaokusifia tu.

Najua utakuja. Hao wa mji mkuu watakuita, utafikiri kidogo, na utakuja, kama si mwaka huu basi mwakani. Siku mtakapocheza San Pedro nitakaa nyuma ya besi ya tatu, mahali pangu pale pale. Ukitoka na gongo nitasimama, na nitakuzomea kwa jina lako lote, Eusebio Samuel Hodge Santana, kama nilivyolitamka kwa padre siku niliyokubeba kwenda kubatizwa. Nitakuzomea mpaka sauti ikauke, na usigeuke kunitazama, kwa sababu nitakuwa nalia.

Mchezo ukiisha, njoo nyumbani. Nitakuwa nimepika wali wa mbaazi na samaki wa chumvi. Hiyo jezi yao uiache kwenye basi.

Wako akupendaye, na anayekuzomea,

Shangazi Minga