Majembe Manne ya Mwene Shilonga

Jumatatu, 9 Agosti 1954

Siku kumi na tisa tu zimebaki! Tarehe 28 jengo jipya la shule linafunguliwa, Bwana DC atakuja, na mchezo wa nyimbo niliojitapa kwamba nitautunga mwenyewe bado hauna mwisho. Sauti za besi zote ziko mashambani zinachuma kahawa. Leo mazoezini walikuja wanaume watatu, mmoja ana kikohozi. Nikawafokea. Nikajuta. Nikawafokea tena.

Hadithi lakini tamu! Mwene Shilonga, chifu wetu wa zamani, anapata habari kwamba msafara wa watumwa unapita kijiji cha Mpemba. Anaushukia na mkuki wake, anakata kamba, mateka kumi na mmoja wanakuwa huru. Yote kanisimulia Baba Mkubwa Osea, mzee wetu wa kanisa, maana Shilonga ndiye aliyemzaa. Atakayecheza Shilonga ni Efraimu, karani wa kahawa. Sauti anayo. Na maringo pia.

Jumatano, 11 Agosti

Leah kajitoa. Ndiye angekuwa binti mateka, wa tatu kwenye kamba. Mama yake kasema mwanawe hafungwi kamba shingoni mbele za watu, hata iwe ya mchezo.

Haya, nitafungwa mimi. Mwalimu, mtungaji, mpiga kinanda, na sasa mtumwa. Nimechoka!

Jumapili, 15 Agosti

Baada ya ibada Bibi Sekela alikuja kututazama mazoezini, na kikapu chake cha viazi. Efraimu aliporuka na mkuki kukata kamba, Bibi akacheka. Akacheka mpaka akapaliwa! Nikaona haya, bibi yangu mzaa baba kuniharibia mazoezi.

Nyumbani nikamwuliza kilichomchekesha. Akasema Shilonga hakukata kamba yoyote, mkuki hata hakuja nao. Alitoa majembe. Manne kwa kila kichwa.

Wewe umejuaje, Bibi?

— Mimi nilikuwa wa tatu.

Mungu wangu! Nimeishi na huyu mama nyumba moja tangu nina miaka minne. Najua hapendi mtu atembee nyuma yake. Nilidhani uzee! Hadithi nikaenda kuitafuta kwa Baba Mkubwa, kumbe mwenyewe nakula naye sahani moja.

Alikuwa na miaka kama saba. Zamani zile mahari hapa kwetu ilikuwa majembe, basi mtoto wa kike aliyetolewa majembe akahesabiwa ameshaolewa. Akalima shamba la Shilonga mpaka akakua, akaozwa kwa mdogo wake Shilonga. Ndiye babu yangu. Na majembe yalipokewa na wenye msafara. Bibi kasema, mahari yangu waliila walionifunga. Kasema huku anamenya kiazi.

Nikamwuliza, Shilonga alikuwa mtu mbaya? Hapana, kasema, mwema sana, hatukulala njaa hata siku moja. Ila hakuniuliza. Hapa hata mtoto aliyepotea gulioni anaulizwa kwanza, wewe wa nani? Yeye alisema tu, haya, twendeni mkale.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimekwenda kwa Baba Mkubwa Osea. Shikamoo, marahaba, kiti, maziwa mgando. Nikamweleza taratibu: tutoe mkuki, tuweke majembe, na Shilonga amwulize yule binti ni wa nani.

Alinywea kwanza. Kisha akawaka! Ati nataka DC asikie kwamba baba yake alinunua watu? Nikasema aliwanunua kuwaokoa. Akasema, basi hapo kosa liko wapi? Nikamwuliza, mbona hakuna aliyerudishwa kwao?

Maziwa yangu yakanishinda.

Akasema naivua nguo nyumba yangu mwenyewe. Jembe likionekana jukwaani, ngoma za ukoo hazitoki kwake, na yeye na watu wake hawaji. Bila ngoma zile mchezo haupo.

Nimerudi nyumbani Igamba kwa miguu, nikiongea peke yangu njia nzima.

Jumanne, 24 Agosti

Nimeshindwa. Mkuki unabaki. Nimemwambia Bibi.

Kasema, sawa.

Sawa tu! Afadhali angenitukana. Anafua kanga yake ya kuvaa Jumamosi na anaimba. Mimi ni mwoga, basi. Naandika nijisome: mwoga.

Ijumaa, 27 Agosti

Efraimu kapita na baiskeli. Ati wimbo wa mwisho hauna roho, nimeutunga nikiwa nimelala? Nikapasuka. Nikamwambia yote, majembe, Bibi, vitisho vya Baba Mkubwa. Kilio juu.

Kapanda baiskeli, kaenda zake. Mwanamume huyo!

Kesho.

Jumamosi, 28 Agosti. Jukwaani

Naandika nimesimama, kamba shingoni, watu wote wananitazama. Nyimbo zangu zimo humu humu, ndiyo maana daftari lilikuwa mkononi. Lazima niandike haraka.

Efraimu aliruka kama kawaida. Ngoma zinarindima. Akakata kamba ya wa kwanza, ya wa pili. Akafika kwangu — akautupa mkuki chini! Ngoma zikakatika. Akaniuliza, bila kuimba:

— Wewe mtoto wa nani?

Jibu sina! Sikulitunga!

Ndipo Bibi akainuka pale mbele, mkekani. Akasema kwa sauti, mbona mnaanzia katikati, muulizeni wa kwanza. Akapanda jukwaani polepole. Akanigeukia: mwalimu, kalamu unayo? Andika.

Wa kwanza: Mulenga, mtoto wa Kabwe. Alikufa kwa kuhara mwaka uleule. Wa pili: Chanda, wa Musonda, alikuwa anajua kufuma. Mimi, wa tatu, kanipita. Wa nne na wa tano, mtu na dada yake, watoto wa Mwansa. Anamshika kila mwanakwaya bega na kutaja. Wa sita. Wa saba. Hakosei! Miaka yote hii anawahesabu kichwani, na sisi tunamwambia Bibi kula, Bibi lala.

Danieli wa besi analia wazi wazi. DC anamwuliza mkalimani kuna nini, mkalimani hamsikii hata.

Wa kumi. Wa kumi na moja. Basi.

Amerudi kwangu. Ameishika kamba yangu. Sekela ni jina alilopewa hapa — na mimi sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja! Hawezi kujitaja mwenyewe, hajaulizwa.

Baba Mkubwa Osea amesimama. Anakuja. Efraimu kamsogelea, kisha kampisha. Anapanda ngazi, kofia mkononi, uso siuelewi. Akitaka kumshusha Bibi, Mungu nisamehe, nitamng'ata.

Hamshushi. Amepiga goti mbele yake, mzee mzima, kwenye mbao.

— Mama. Wewe wa nani?

Nimeandika, wa tatu. Bibi ananitazama kama niko tayari. Wa tatu: